Kila Mkubwa Aingie wa Mwisho

Majirani walimwita Kiberenge, kile kigari cha reli kisichotulia, na jina likamkaa vizuri kuliko hata magauni aliyojishonea. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, lakini hakuna aliyewahi kumkuta ametulia mashineni mpaka pindo likaisha. Mguu kwenye kanyagio, sikio kwenye simu: huyu kafiwa, mtoto wa yule kakataliwa zahanati, wale wanagombea uenyekiti. Wahamiaji wa mtaa ule walikuwa makundi matatu, kila kundi na mkubwa wake, na wakubwa hao hawakupikika chungu kimoja. Aliyeweza kuongea na wote ni Kiberenge peke yake.

Alasiri hiyo roho yake ilikuwa juu juu. Halmashauri ilikuwa imeandika rasimu ya sera ya wahamiaji, na kipengele kimoja kilisema mtoto wa mhamiaji hatasajiliwa mtihani wa kumaliza sekondari bila kibali cha ukaazi cha baba yake. Kiberenge naye alikuwa mhamiaji, na binti yake alikuwa mwaka wa mwisho. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, na marehemu haombi kibali. Afisa wa sera alikuwa tayari kukifuta kipengele hicho, ila kwa sharti: wakubwa wote watatu waje wamwambie kwa kauli moja, leo, kabla rasimu haijaenda kwa madiwani.

Katika ukumbi wa halmashauri, ghorofani, kulikuwa na viti vitupu, chupa za maji zisizofunguliwa na feni iliyolialia. Afisa, mwanamke wa maneno machache, alitazama mlango, kisha akamtazama Kiberenge.

"Mama, watu wako wako wapi?"

"Njiani, mheshimiwa."

"Njia gani hiyo isiyofika? Nina kikao kingine mimi."

Kiberenge akaenda dirishani. Wakubwa wote watatu walikuwa pale chini! Mwenye bucha alikuwa kwenye duka la fotokopi ng'ambo ya barabara, amejificha nyuma ya gazeti. Muuza mbao alijifungia garini mle uani, vioo juu. Mwalimu mstaafu alikuwa anang'arishwa viatu ambavyo tayari vilimeremeta.

Hapo akaelewa alivyojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Kwa wakubwa hawa, anayetangulia kuingia huwangoja wenzake kama bawabu. Anayeingia wa mwisho ndiye anayeinukiwa kwa heshima. Ili wakubali kuja, Kiberenge alimpigia kila mmoja akamnong'oneza: wewe ndiye utakayeingia wa mwisho. Aliwaambia hivyo wote watatu.

Akashuka ngazi mbiombio.

"Shemeji, panda juu, afisa anaondoka!" alimwambia mwenye bucha.

"Mwalimu kashaingia?"

"Bado."

"Basi na mimi bado. Kwani mimi ndiye mwenye funguo?"

Mwalimu hakunyanyua hata macho. "Mwanangu, tulikubaliana nini?"

"Mzee wangu, ni mtihani wa mjukuu wako!"

"Namwombea sana."

Muuza mbao alishusha kioo upana wa kidole. "Dada, hapa hujaniona."

Aliporudi juu, afisa alikuwa anafunga mkoba.

"Mheshimiwa, nakuomba ushuke wewe. Kila mmoja nimemwahidi aingie wa mwisho. Uongo ni wangu."

"Yaani mimi niwafuate wao?"

"Ukisimama uani hakuna mlango, mheshimiwa. Pasipo mlango, nani ataingia wa mwisho?"

Afisa alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akashuka.

Kumwona afisa amesimama uani na mkoba begani, gazeti lilianguka, mlango wa gari ukafunguka, na mwalimu akaja na kiatu kimoja kinang'aa, kingine kimepakwa dawa tu. Walifika pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

"Kipengele kifutwe au kibaki?" afisa akauliza.

Wakangojana. Hata kusema, kila mmoja alitaka awe wa mwisho.

"Semeni wote kwa mpigo, jamani, kama darasa la kwanza!" Kiberenge akapiga kofi. "Haya!"

"Kifutwe!"

Afisa akatoa kalamu, akaiegemeza rasimu kwenye boneti ya gari, akapiga mstari mrefu. Kisha akaenda zake.

Mwenye bucha ndiye aliyegeuka kwanza. "Mwalimu, hebu niambie. Na wewe alikuahidi?"

"Kumbe nawe?"

"Sote watatu!" akasema muuza mbao. "Dada, siku nyingine usinipigie simu."

"Wala mimi."

"Namba yangu ifute."

Wakaondoka pamoja, wakimsema kwa sauti, mwenye bucha amemshika mwalimu mkono kuvuka barabara. Kiberenge hakuwahi kuwaona wamepatana hivyo.

Akakaa kwenye ngazi, akasimama, akakaa tena. Binti yake akapiga simu.

"Mama, vipi?"

"Wamekifuta. Endelea kusoma."

"Mbona huna furaha?"

"Madiwani hawajapitisha, mwanangu. Na wale wazee sasa nitawaita kwa mdomo gani?" Alikuwa ameshaanza kutembea. "Mke wa diwani wetu anashonesha nguo wapi, unajua?"