Karatasi Aliyoichana Baba Mdogo

Baba alipofariki, mdogo wake alilima shamba letu la mihogo kule Kamanga miaka mitatu, kisha akaanza kuliita lake. Ndipo akampigia mama simu: angevuka ziwa kuja Mwanza Jumamosi kuchukua hati ya mauziano, "akaitunze vizuri." Mama hajawahi kumkatalia shemeji yake kitu. Akaitoa sandukuni. Mimi nilimjua mtu yule, na nilikuwa na siku mbili.

Ilikuwa karatasi ya daftari, wino wa bluu umefifia, alama ya dole gumba la muuzaji imebaki kama doa la chai. Nilipoipiga picha ya kawaida, kivuli cha mkono wangu kilifunika majina ya mashahidi. Nikapakua programu za kuskani. Ya kwanza ilitoa nakala safi, kisha ikagonga jina la programu yenyewe katikati ya sahihi. Nikaifuta. Ya pili ilitaka nijisajili na karatasi yetu ikatunzwe huko mtandaoni; sikuwa tayari kumpa mgeni kitu ambacho ndugu alikuwa anakuja kutunyang'anya. Ya tatu, iliyosifiwa na kila mtu, iliing'arisha karatasi ikawa nyeupe pe, na lile dole likapotea kabisa. Ya nne ilijaa matangazo, lakini ilikubali kubakiza rangi. Nilipoikuza nakala, mistari ya dole ilionekana, na chini kabisa, shahidi wa pili: baba mdogo mwenyewe, na sahihi yake.

Sikumwambia mama.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Jumamosi ile alipokea hati kwa mama, akaisoma palepale mlangoni, akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni. "Mambo ya zamani haya yanaleta ugomvi," akasema. Mama alilia. Mimi nilimkaribisha chai.

Ningeweza kumwonyesha simu siku ile, ukoo ukayamaliza kimyakimya. Sikutaka. Nilitaka adanganye mbele za watu.

Akadanganya. Kwenye baraza la kata, nilikomshtaki, alisimama na koti lake la kanisani, akasema, "Marehemu kaka hakununua shamba lolote. Kama kuna karatasi, waitoe." Nikaitoa, imechapishwa kwa rangi. Muuzaji, mzee niliyemfuata hadi Magu alikohamia kwa binti yake, akainuka akasema dole lile ni lake na pesa yake alilipwa na baba.

Mwenyekiti akamwita baba mdogo mezani. "Na sahihi hii ni ya nani?"

Aliinama juu ya karatasi. "Inafanana na yangu."

"Inafanana!" mama mmoja akarudia kule nyuma, na watu wakacheka. Nilimtazama usoni mpaka walipomaliza kucheka.

Shamba lilirudi kwetu. Akatuma mtu kuomba angalau avune mihogo aliyoipanda. Nikajibu kwamba aje na karatasi. Hakuja, nikaing'oa yote, hata ile michanga.

Mama ananilaumu hadi leo kwamba nilimvua nguo mtu mzima hadharani. Anataka niende kumwamkia. Sijaenda.