Kidole cha Muuguzi wa Dondakoo

Muuguzi wa wodi ya dondakoo hapa Aleksandria alikuwa mwanamke mnene mwenye vidole vyembamba kama vya binti, na mimi, mshona viatu hodari kuliko wote mjini, sikosei kupima viungo kwa jicho. Jamaa wa wagonjwa tulisimama uani, dirishani, maana kuingia ni marufuku. Kila asubuhi alichovya unyoya wa bata kwenye maji ya moto, akausafisha taratibu mrija wa fedha uliopachikwa kooni mwa mpwa wangu Dawlat ili apumue, huku akiimba kwa kufumba mdomo. Tukikohoa tu, anagonga kioo: "Kimya! Hapa si sokoni!"

"Bibie," nikamchokoza, "hiyo sindano ya dondakoo mliyomchoma, iliyotengenezwa kwa damu ya farasi, mtoto hataanza kurusha mateke?"

"Akirithi mdomo wako, mjomba, hapo ndipo nitakapoogopa."

Siku ya kujaribu kama Dawlat anaweza kupumua bila mrija, muuguzi hakutania. Alifungua dirisha, akauziba mrija kwa kidole. Koo likiwa bado limeziba, mtoto atakosa pumzi. Dada yangu Ihsan alinibana mkono hadi majigambo yote yakanitoka. Dawlat akakodoa macho, akavuta hewa kwa pua, kisha sauti ikatoka, ya kukwaruza:

"Mama, nataka maharage ya ful na mkate."

Ihsan akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akiogopa kufukuzwa. Hata hivyo vigelegele vikapigwa, virefu, hadi vitanda vikatikisika. Muuguzi alipomaliza kuvipiga, kidole kikiwa palepale kooni, akatugeukia amekunja uso.

"Kimya! Hapa si sokoni!"