Kura Iliyoandikwa kwa L

Harufu ya dagaa wanaokauka juu ya mawe haifanani hata kidogo na harufu ya dagaa wa sokoni, na mtu ambaye hajawahi kuisikia asubuhi, jua likiwa limeanza tu kuuma mgongo, asijisumbue kubishana nami. Kwanza huja ubichi wa maji. Jiwe likishapata joto huja kitu kama ukoko wa ugali ulioshika sufuria. Mwisho, adhuhuri inapokaribia, huja utamu mkavu unaomtoa paka nyumba ya tatu. Nilikulia ndani ya harufu hiyo, kwenye nyumba zilizobanwa katikati ya majabali ya Ilemela, hatua chache kutoka mwaloni, mahali mitumbwi ilipotia nanga na kushusha samaki. Shuleni walituita "watoto wa mwaloni" kabla hatujafika, kwa sababu upepo ulitutangulia darasani. Sikuona haya wakati ule, wala sioni sasa.

Nimestaafu baada ya kutunza masjala maisha yangu yote ya kazi, nami nina kasoro moja ambayo wanangu wameizoea: siwezi kulala jalada likiwa na taarifa ya uongo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata daftari lenyewe, likiandikwa vibaya, huipoteza habari mchana kweupe. Kigango chetu cha zamani siku hizi ni parokia, na parokia imetoa kijitabu cha jubilei chenye picha za rangi na shukrani nyingi. Ukurasa wa tisa umeandikwa hivi: "Uongozi wa jumuiya, kwa hekima yake, uliamua kuwafuata akina mama mwaloni na kusali nao kazini." Niliusoma mara tatu, nikavua miwani, nikaifuta, nikausoma tena. Uongozi haukuamua! Uongozi ulishindwa kwa kura, tena mchana, tena mbele ya sahani! Nilikuwapo. Naomba kuiweka kumbukumbu sawa.

Nilikuwa darasa la tano, mwaka wangu wa kujiandaa kupokea kipaimara. Baba alifanya kazi ya zamu kiwandani Nyakato, kwa hiyo nyumba yetu iliendeshwa na mama, na mama aliendeshwa na mwezi. Msomaji asiyetoka ziwani aelewe jambo hili moja, maana ndilo shina la kisa chote. Dagaa hufuata mwanga wa taa za wavuvi. Mwezi ukipevuka, ziwa zima huwa na mwanga, taa hazina kazi, na mitumbwi hupumzika. Mwezi ukipotea, hapo ndipo panapoitwa giza, na giza ndilo lililotulisha. Katika majuma ya giza mitumbwi ilirudi kila alfajiri imejaa, na wanawake wa mwaloni wakawa na saa chache za kuosha, kuanika, kugeuza, kufukuza yangeyange, na kuanua mbio mbio wingu jeusi lilipojitokeza upande wa visiwani. Dagaa aliyenyeshewa hageuki kitoweo. Hugeuka chakula cha kuku. Ndiyo maana hakuna mwanamke aliyediriki kuliacha jiwe lake kabla ya saa sita.

Sasa, sala za jumuiya zilifanyika kila Jumamosi saa moja asubuhi, saa ileile ambayo mama alikuwa ameinama. Mwenyekiti alikuwa Mzee Sospeter, karani wa ofisi moja ya pamba, mtu wa kalamu mbili mfukoni na shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikaweza kukata kidole. Hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo kwa haki. Alikuwa mtu wa kanuni, nami baadaye niliishi kwa kanuni, namwelewa. Kanuni ilisema kwamba nyumba isiyohudhuria sala za jumuiya, mtoto wake hapendekezwi kwa kipaimara. Kila Jumamosi alifungua daftari la mahudhurio, akaita majina, na aliyekosekana akamwekea alama. Kisha akalifunga kwa methali aliyoipenda kama kitambaa chake cha shingoni: "Asiyekuwepo na lake halipo."

Lakini mama alisali! Ni nani kati ya waliokaa kwenye viti vya Mzee Sospeter aliyesali kama mama? Hakushika rozari, kwa kuwa mikono yake ilijaa magamba, ila aliwapanga dagaa mafungu kumi kumi juu ya jiwe, na kila fungu alilogeuza lilikuwa Salamu Maria moja. Akimaliza mafungu kumi alisimama, akashika kiuno, akatazama ziwani, akasema Atukuzwe Baba, kisha akainama tena. Mimi nilikuwa upande wa pili na tawi la kufukuzia ndege, na hapo ndipo nilipoijua Nasadiki yote. Nikisahau mstari, mama alikuwa hanikaripii. Alinirushia dagaa mmoja. Hadi leo, nikifika kwenye "akashukia kuzimu" kanisani, kichwa changu hukwepa chenyewe.

Siku moja ya mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika, mama alihudhuria jumuiya kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Baada ya sala alichungulia daftari, na tuliporudi uso wake uling'aa. Kusoma kwake kulikuwa kwa taabu, jina lake tu ndilo alilolitambua upesi. "Leokadia," aliniambia akininyanyua mkono kama mtoto mwenzangu, "kumbe Mzee ananiheshimu! Wenzangu wamewekewa vijistari tu. Mbele ya jina langu mimi kuna misalaba. Nimeihesabu, ni kumi na minane." Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua alama ya mkasi, msalaba uliolala, ina maana gani mwalimu anapoiweka kwenye daftari. Njia nzima alitembea akiimba, nami nilitembea nyuma yake nikiwa nimebeba siri iliyonizidi uzito.

Juma lililofuata Mzee Sospeter alisoma majina ya watoto waliopendekezwa. Langu halikuwamo. Mama alisimama katikati ya watu, khanga yake imefungwa imara kifuani, akauliza kwa adabu kama karani amesahau mstari. Mzee Sospeter akamgeuzia daftari, akaigusa alama moja baada ya nyingine kwa ncha ya kalamu. "Haya, mama, yote ni makosa. Hukuwepo, hukuwepo, hukuwepo." Niliona mama anaelewa. Alisema, "Basi, Mzee, umenipa misalaba kumi na minane, nami nimeibeba yote. Nionyeshe ni upi uliokuta nimeutupa." Mtu mmoja akacheka, mwingine akasema "Sema, mama!", na Mzee Sospeter akafunga daftari kwa kishindo. "Dini ina utaratibu wake." Mama akajibu, "Na dagaa nao wana wao. Hawaijui Jumamosi. Kwa nini sala isije mawe yalipo, giza likiwapo?"

Aliyetuokoa kwa hatua ya kwanza alikuwa katekista wetu, tuliyemwita Mwalimu, Msukuma mpole aliyekuwa akikohoa kabla ya kusema neno zito. Alikohoa. Kisha akasema hoja imetolewa, na hoja ya jumuiya huamuliwa na nyumba zote za jumuiya, si nyumba nane zinazopata nafasi Jumamosi. Iwe Jumapili, baada ya ibada. Watoto wa mafundisho watangaze, kila mmoja kwa majirani zake. Alinipa kipande cha chaki, akaniinamia. "Wewe una mwandiko mzuri. Waambie wa mwaloni Jumapili kuna kula, kila nyumba ije." Ndivyo alivyotamka, na ndivyo tulivyotamka sote. Kwetu wakati ule L na R walikuwa mapacha waliovaa shati moja. Aliyetoka nje ndiye aliyeitika. Nilikimbia hadi kwenye jiwe kubwa la kufungia mitumbwi, nikaandika kwa herufi ndefu kama mkono wangu: JUMAPILI BAADA YA IBADA KUNA KULA. KILA NYUMBA IJE.

Katika miaka yangu yote ya masjala sikupata kuandika kosa lililozaa matunda kama lile. Jumapili ilipofika, giza likiwa halijaanza na mawe yakiwa matupu, ibada haijaisha, nilisikia nje mlio usio wa kawaida, kama kengele nyingi ndogo. Nilichungulia. Wanawake wa mwaloni walikuwa wanateremka kati ya majabali kwa khanga zilizofuliwa, wengine na watoto mgongoni, wengine na wakwe zao, na kila mmoja alikuwa na sahani ya bati! Kulikuwa na waliokuwa hawajakanyaga uwanja wa kigango tangu walipobatizwa. Walijaa hadi kwenye ua wa michongoma. Mbele yao alikuwa Mama Nyamizi, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mitumbwi, ameshika bakuli la kutosha familia mbili.

"Shikamoo, Mzee Sospeter," alisema.

"Marahaba. Hizo sahani za nini?"

"Za kula. Jiwe limesema kuna kula."

"Ni kupiga kula, mama! Kula! Ya kuchagua!" Hata yeye, na kalamu zake mbili, ulimi ulimsaliti.

"Ndiyo, nasi tumekuja kula," alisema Mama Nyamizi. "Tukishashiba tutachagua."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana sasa watu walikuwa wanauliza ni nani aliyeandika, na mwandiko wangu ulijulikana. Mzee Sospeter alidai mkutano uahirishwe, kwamba watu hawa wameitwa kwa udanganyifu wa chakula. Hapo nilijua kwamba kama wataondoka, kipaimara changu kinaondoka nao. Nikatoka mbele, nikasema ni mimi, nimekosea, sikukusudia kumdanganya mtu. Mwalimu alikohoa. Aliniuliza kama maneno "kila nyumba ije" nayo niliyaandika. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Akawageukia watu. "Kuteleza si kuanguka. Nyumba ziliitwa, nyumba zimekuja. Wanaokubali kwamba majuma ya giza tusali mwaloni, wanyanyue mikono." Mikono ilikuwa imeshika sahani. Basi zikanyanyuliwa sahani! Jua la saa tano liliangukia mabati yale yote kwa pamoja, na mwanga ukarudi usoni mwa Mzee Sospeter hata akakinga macho kwa daftari lake la mahudhurio. Hakuna aliyehitaji kuhesabu. Mama hakuwa na sahani. Alikuwa amenyanyua mikono yote miwili, mitupu, na alikuwa anacheka kama msichana.

Na kula kulikuwepo, kumbukumbu iandikwe hivyo. Mama Nyamizi alitamka kwamba jiwe haliwezi kusema uongo siku ya Bwana, akatuma watu mwaloni. Wakaleta dagaa wakavu wa akiba, unga wa muhogo na sufuria. Mzee Sospeter alikula. Alikula sana, nami nikampenda kidogo. Jumamosi iliyofuata, mwezi ukiwa haupo, alifika mwaloni amekunja suruali, na mama akampa upande wa jiwe. Litania ya watakatifu haijapata kuimbwa vile popote: jina moja, "utuombee", fungu moja limegeuka, jina jingine, "utuombee", fungu jingine. Kufika kwa Mtakatifu Petro, ambaye wanawake walimwona kuwa mtu wa nyumbani, mwitikio uliwarusha yangeyange hewani. Na Askofu alipokuja, akanipaka mafuta matakatifu kwenye paji la uso, mkono wa Mama Nyamizi, msimamizi wangu, ulikuwa begani kwangu. Mafuta yalinukia upande wa mbele na dagaa upande wa nyuma, na mimi niliyekuwa katikati nikajua kwamba Roho Mtakatifu hana shida na harufu yetu.

Leo majabali yale yamejengwa nyumba za ghorofa, na dagaa wanaanikwa kwenye vichanja vya wavu, jambo jema. Daftari la mahudhurio limehamia kwenye simu. Lakini mkwe wangu Neema anafanya kazi ya zamu kiwandani Nyakato, palepale baba yangu alipochosha mgongo wake, na jumuiya yetu ya sasa inasali Jumamosi saa moja asubuhi, saa anayotoka zamu. Mwezi uliopita ulikuja ujumbe kwenye kundi la simu: mjukuu wangu Anjela hajapendekezwa kwa kipaimara, na mbele ya jina la mama yake pana alama nyekundu, mkasi uleule, safari hii na rangi. Chini yake mwenyekiti, kijana mstaarabu kabisa, ameandika: "Asiyekuwepo na lake halipo." Ukurasa wa tisa wa kijitabu unatusifu kwa hekima ya kuwafuata watu kazini, na ukurasa wa simu unawafuta! Nilisimama kwenye mkutano, nikatoa hoja ileile ya mama, kwamba sala iende kwenye nyumba za wafanyakazi na ifuate zamu zao. Kijana alikubali ipigwe kura ya nyumba zote, na kwa heshima ya umri wangu akaniomba niandike tangazo.

Nimeliandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, nikalibandika jana kwenye ubao wa kanisa na kwenye mti ulio karibu na geti la kiwanda, wanapopita wa zamu zote. Asubuhi hii mwenyekiti amenipigia, sauti yake imejaa huruma. "Shikamoo, Bibi. Samahani, kuna kosa dogo kwenye tangazo. Umeandika Jumapili kuna kula. Nadhani ulikusudia kura."

"Marahaba, mwanangu," nilimwambia. "Nimetunza masjala maisha yangu yote. Sijakosea. Njoo na sahani."