Kona za Chuma cha Mraba

Fundi anayetuchomelea vyuma vya kutelezea kwa viatu vya magurudumu hapa Bungoma hajawahi kuvaa viatu hivyo, lakini ana msimamo wake: chuma kiwe cha mviringo, kama anavyoweka kwenye ngazi za kanisa ili akina nyanya wakishikilie. Sisi tunataka cha mraba, maana kiatu hukaa vizuri juu yake. "Mraba iko na kona, bana," hunung'unika. "Itakata mtoto ya wenyewe." Halafu hutengeneza hicho hicho cha mraba, na akimaliza hukipapasa kwa kiganja, macho amefumba, mwanzo hadi mwisho. Nilidhani ni madoido tu.

Jumamosi nilianguka, muundi ukagonga chuma. Nikashika mguu nikingoja damu, haikuja. Nikafumba macho, nikakipapasa chuma kama yeye. Kona zote alikuwa amezipiga tupa zikawa butu, na hakuna aliyemwomba.