Hakikatwi

Shangazi yangu aliunganisha simu za watu posta kwa miaka thelathini na moja, na anaapa kwamba alistaafu mikono tu, masikio hapana. Siri za nusu ya mji huu zilipita kichwani mwake, ndiyo maana hamwamini mtu. Hata paka wa jirani akikatiza uani, atataka kujua katumwa na nani.

Anaishi na baba yangu, mdogo wake, katika nyumba waliyoachiwa na babu: vyumba sita, baraza la saruji lililopasuka, na kiwanja kirefu hadi kwenye mfereji. Majirani wote wameshakata viwanja vyao wakauza vipande. Chetu tu kimebaki kizima, na Shangazi anakilinda kama mboni ya jicho.

Mwezi uliopita alimsikia baba akiongea na simu nyuma ya jiko. "Ni kikubwa," baba alisema kwa sauti ya chini. "Wanataka kikatwe mapema. Lakini dada asijue kwanza."

Basi! Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Shangazi aliniita chumbani kwake, akafunga mlango.

"Baba yako anauza. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

"Shangazi, baba hawezi."

"Hawezi? Mbona jembe hashiki, wiki ya tatu hii? Nani apalilie kiwanja anachokiuza? Na kukonda kule ni dhamiri inamsuta."

Naona aibu kusema, lakini nilianza kuamini. Baba alikuwa akitoka asubuhi na bahasha kubwa ya kaki, na ukimuuliza anakwenda wapi anakujibu, "Hapo tu." Tukawa tunamchungulia dirishani, watu wazima wawili na akili zetu.

Jumamosi baba akiwa bafuni, simu yake ililia mezani. Shangazi aliidaka kabla sijafungua mdomo. Nilisikia sauti ya mwanamke: "Ni kuhusu kile cha mzee. Nafasi imepatikana, kitakatwa Jumanne asubuhi, mwambieni..."

"Hakikatwi!" Shangazi alifoka. "Mzee ameghairi, na msipige tena!" Akakata, akaifuta ile namba, akarudi kuchambua maharage yake roho kwatu.

Baba alijua Jumatano, alipopiga mwenyewe kuulizia. Aliingia jikoni taratibu.

"Dada, nani aliwaambia hospitali kwamba nimeghairi?"

"Hospitali gani? Mimi nimewafukuza wapimaji wako. Kiwanja cha baba hakikatwi nikiwa hai."

Baba alimtazama, haelewi. Kisha akaelewa. Akafungua vifungo vya shati, akainua mkono wa kulia. Kwapani palikuwa na kivimbe kikubwa kama yai.

"Ni hiki, dada. Sikutaka uanze kulia mapema. Sasa nafasi yangu kapewa mwingine, nisubiri wiki saba. Na daktari alishaniambia nisichelewe."

Nilitaka kumkasirikia Shangazi, nikashindwa. Ile simu ilikatwa mbele yangu, nikanyamaza.

Shangazi hakulia. Alijifuta mikono kwenye gauni, mara mbili tatu, kisha akanigeukia mimi kwa sababu yeye hakuweza kumtazama mdogo wake.

"Hati ya kiwanja nimeishonea ndani ya mto wangu. Upasue, uilete. Leo hii tutafute mnunuzi, tumpeleke hospitali ya kulipia. Vikatwe vyote viwili."