Mionzi ya alfa na mdomo wa binti yangu

Jamani, sikieni ya leo.

Jana nilileta nyumbani king'ora kibovu cha kuonya moshi, nikafundishie fizikia shuleni.
Nikamwambia mama mkwe kina mionzi ya alfa ndani, ila asiogope. Karatasi tu inaizuia, hata ngozi.

Leo narudi nyumbani Kilakala, nakikuta kimefunguliwa. Binti yangu wa miaka miwili anatafuna kitu.

"Mama, amekula nini?"

"Sijui, mwanangu. Si ulisema hata karatasi inaizuia?"

Inaizuia ikiwa nje. Ukiimeza, inaunguza nyama za ndani, na huko hakuna ngozi ya kukukinga.

Nikamtia kidole mdomoni.
Muhogo.

Kile kichuma chenye mionzi kilikuwa bado kimebana mahali pake ndani ya king'ora.

Nimekaa sakafuni, nimempakata. Simwachii.

Wenye watoto, vitu vya kazini mnaficha wapi?