Zhor, mwenye funguo za wanawake wa stendi

Saa nane mchana, Jumamosi. Zhor Belkadi anagonga mlango wa chumba cha juu katika nyumba moja ya mji wa kale wa Meknes. Anagonga tena. Ndani kimya.

"Yamna! Ni mimi, mwanangu. Fungua."

Unaofunguka ni mlango wa jirani, Haja Hniya, anayemwita kwa heshima Lalla, yaani Bi. "Usijichoshe, Lalla Zhor. Alitoka asubuhi na mfuko wake, hata kuniaga hakuniaga. Na sahani yangu kaenda nayo!"

Chini ya ngazi mwenye nyumba anamsubiri. "Mimi si mtu mbaya," anasema. "Lakini asipolala humu leo, kesho nampa mwingine."

Zhor anampita na kutoka nje. Ilimchukua miezi kumpata mtu wa kumpangisha mwanamke asiye na mume wala kaka wa kusimama naye. Chumba hiki kikiponyoka, hana kingine.

Zhor ana miaka hamsini na minne. Kwa muda mrefu alikuwa msuguaji wa miili kwenye hamamu ya wanawake, bafu la mvuke la umma, na huko ndiko alikowafahamu wasio na pa kulala: waliingia na mizigo yao yote, wakakaa kwenye joto mpaka wafukuzwe. Leo anafanya kazi na chama kidogo kinachowatoa mitaani na kuwatafutia vyumba. Analipwa dirham elfu tatu kwa mwezi. Ni mjane, na watoto hakujaliwa.

"Watu hudhani kazi ni kupata chumba," ananiambia tukikaza mwendo kuelekea kituo cha mabasi. "Kazi ni mtu akae ndani yake."

Yamna alikuwa mtumishi wa ndani tangu utotoni. Bibi aliyemtumikia alipofariki, warithi waliuza nyumba, naye akatoka na mfuko mmoja, akaishia kulala stendi hii. Wanawake wa stendi hulala wameketi, mzigo mapajani, ili waonekane abiria na wasisumbuliwe. Waswahili tunasema mficha uchi hazai, lakini hawa wakiuacha wazi uchi wao watapatwa na mabaya zaidi.

Tunamkuta ameketi hivyo hivyo, mgongo umenyooka.

"Unasafiri kwenda wapi?" Zhor anamuuliza, akikaa kando yake.

"Usinitanie, Lalla."

"Nani kakuudhi? Hniya?"

"Hniya kaniletea kuskusi jana, ya Ijumaa. Na nyama juu." Yamna anafungua mfuko. Sahani imo, imeoshwa, imeviringishwa kwenye kitambaa. "Nimrudishie na nini? Upepo?"

Zhor anajishika kichwa. Kuskusi ya Ijumaa hugawiwa majirani, na sahani ya jirani hairudi tupu. Hilo hata mtoto wa Meknes analijua. Alimwekea Yamna godoro, jiko la gesi, unga, kufuli imara. Cha kurudisha kwenye sahani hakukifikiria.

"Ni kosa langu," anasema. "Twende dukani nikununulie sukari."

"Ukinunua wewe, itakuwa sahani yako."

"Basi oka mkate. Si una unga?"

"Unga wako."

"Nikishakupa ni wako, we mwanamke! Miaka yote hiyo umewaokea watu, leo huwezi kuoka mmoja wa kwako?"

Yamna anaitazama mikono yake. Kisha anasema polepole kwamba tangu azaliwe hajawahi kukanda unga ulio wake. Wote wawili wanalia, na mimi mwandishi nageuza uso.

Alasiri hiyo mkate ulipelekwa ukiwa moto, juu ya sahani ile ile. Haja Hniya alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kumbe! Na mimi nilidhani kuskusi yangu imekushinda kula!"

"Chumvi tu ilizidi kidogo, Haja," Yamna alisema. Hniya alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenye nyumba alisikia kicheko hicho, akajiendea zake.

Majuma matatu baadaye namsindikiza Zhor sokoni. Mbele yetu, kwenye mafungu ya kotimiri, Yamna na Hniya wanabishana na muuzaji. Yamna anainua macho, anamwona Zhor, kisha anampita kama anavyopitwa mtu asiyejulikana.

Najisikia vibaya kwa niaba yake, lakini Zhor ananivuta mkono. "Mwache. Akinisalimia, Hniya atageuka, aanze kuuliza undugu wetu ni wa wapi. Mtaani wanajua mimi ni shangazi wa mbali, basi. Wote hunipita hivyo. Nikipitwa, najua mtu amefika."

Amewapa funguo wanawake kumi na mmoja. Anatamani wa kumi na mbili apate chumba kabla ya baridi kuanza, na tayari kuna chumba ambacho chama kinakifuatilia.

Namuuliza kama kwa nafsi yake hana analolitaka. Anachagua nyanya mbili tu, za mtu mmoja, na kuzipima mkononi.

"Ninalo," anasema. "Ijumaa moja, mmoja wao anigongee mlango, sahani mkononi."